Saa zako zinaishia wapi? Mwongozo wa kupunguza kazi bila kupunguza ugali

Kijana anayefungua duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya, saa 1 asubuhi na kulifunga saa 2 usiku, siku sita kwa wiki, ukimwambia "jipe muda wa kupumzika" atakuitikia kwa heshima kisha atarudi kupanga nondo. Muda huo hana. Vivyo hivyo mpanga mbao wa Mafinga, mwalimu wa shule ya bweni Iringa anayesimamia prepu mpaka saa 4 usiku, na wakala wa fedha Tunduma anayelala na simu mbili kifuani. Wote hawa wanauza saa zao, na wengi hawajawahi kuzihesabu: ni ngapi, zinalipwa bei gani, na zilizozidi zinamnufaisha nani. Ndiyo maana hatua za hapa zinaanza na daftari, na mambo ya usingizi yanakuja mbele huko.

Hatua ya 1: Daftari la siku 14

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila ukurasa siku moja, na kila siku mistari mitano: nimefika saa ngapi, nimeanza kula saa ngapi, nimemaliza kula saa ngapi, nimetoka saa ngapi, na kazi iliyonifuata nyumbani (simu, ujumbe wa grupu, kusahihisha madaftari, kufunga hesabu) dakika ngapi. Siku 14 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki ya mwisho wa mwezi haifanani na ya katikati.

Andika palepale. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Ukingoja Jumamosi uandike wiki nzima kwa kukumbuka, kila siku itasomeka 1:00 mpaka 2:00, kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujabadilika hata kidogo. Mtu yeyote atakayelitazama daftari hilo baadaye atajua liliandikwa kwa mkupuo. Daftari la kweli lina 1:05 leo, 12:50 kesho, na Alhamisi ina doa la chai. Ukiona kalamu ni usumbufu, jitumie ujumbe wa WhatsApp kwenye namba yako mwenyewe kila ukifika na kila ukitoka: "Nimefika." Simu itaweka tarehe na saa yenyewe, na jioni utahamishia daftarini.

Mambo mawili yanayochanganya. Safari ya kutoka Uyole mpaka mjini haihesabiki kuwa saa ya kazi, ingawa inakula muda wako, iandike pembeni. Chakula nacho kina hila yake. Ukitoka ukaenda kwa mama ntilie ukala ukarudi, huo ni mapumziko na hautalipwa. Ukila ugali wako nyuma ya kaunta huku mkono wa kushoto unampimia mteja misumari, hiyo ni kazi, na iandikwe "nimekula nikiuza". Kwa wauza maduka, mstari huo mmoja unaweza kubadilisha hesabu ya wiki nne kwa saa 24 nzima.

Hatua ya 2: Pitisha saa zako kwenye sheria

Kwa walioajiriwa sekta binafsi Tanzania Bara, kipimo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Watumishi wa umma wana utaratibu wao na kanuni zao za kudumu, kwa hiyo hesabu ya hapa chini wasiichukue yote kama ilivyo. Kwa wengine, shika namba hizi:

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ni za makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hata kukiwa na ziada, siku moja isizidi saa 12 za kazi. Baada ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kutoka leo na kuingia kesho ziwepo saa 12, na kila wiki uwe na saa 24 mfululizo za kupumzika. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu ya taifa, kila saa hulipwa mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Sasa hesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 390,000. Posho ya nauli na ya chakula ziache nje. Saa za mwezi hupatikana kwa kuzidisha saa 45 za wiki kwa 4.333, yaani wiki zilizomo ndani ya mwezi mmoja: jibu ni 195. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata 2,000. Hiyo ndiyo bei ya saa yako moja. Ya ziada ni 3,000, ya Jumapili 4,000, na ya usiku inaongezewa 100.

Rudi kwa yule wa Mwanjelwa. Kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku ni saa 13. Toa moja ya chakula, zinabaki 12. Mara siku 6 ni 72. Toa 45, zimezidi 27 kila wiki. Kwa wiki nne ni 108, wakati mwisho ni 50. Kwa pesa: 27 mara 3,000 ni 81,000 kwa wiki, 324,000 kwa wiki nne. Karibu mshahara wa pili, ambao kwa kawaida haulipwi na hautajwi. Tena angalia usiku: anayetoka saa 2 na kurudi saa 1 amepata saa 11, pungufu ya 12 zinazotakiwa. Na siku ile anayokula huku anauza anakuwa amefanya kazi saa 13, ambazo sheria hairuhusu hata kwa makubaliano ya ziada.

Afya nayo ina kipimo chake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 uchambuzi wa pamoja ulioonyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 mpaka 40. Sabini na mbili ni mbali sana na hapo.

Kuna mtego wa vyeo. Masharti ya saa hayawahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Baadhi ya waajiri hulichukulia hilo kama mlango: kila mtu anaitwa "supavaiza" kwenye karatasi ya ajira, hata yule ambaye anayemsimamia ni paka wa stoo. Cheo cha karatasi peke yake hakikutoi kwenye ulinzi huo. Kinachotazamwa ni kazi unayoifanya na unayeripoti kwake.

Walinzi na wahudumu wa vituo vya mafuta vya barabara kuu ya Tunduma wafanye hesabu hii mara mbili. Zamu za saa 12 zinaweza kupangwa kwa makubaliano ya maandishi bila malipo ya ziada, ila zisizidi siku 5 kwa wiki na saa 45 za kawaida. Saa 12 mara siku 7 ni 84. Na zamu ya "saa 24 ndani, saa 24 nje" haina mahali inapokaa katika sheria hii hata uigeuze vipi.

Hatua ya 3: Jua deni lako ni saa ngapi

Kabla hujaenda kwa bosi, jiulize kwa nini umekuwa ukikubali. Mara nyingi jibu limo kwenye kijitabu cha marejesho.

Andika kila kinachotoka kwa mwezi: kodi, chakula, nauli, umeme, pesa ya nyumbani, hisa za kikoba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, michango ya sherehe, marejesho ya mkopo. Kisha kila kimoja kigawanye kwa bei ya saa yako. Kodi ya 60,000 ni saa 30. Mchango wa sendofu wa 50,000 ni saa 25, zaidi ya nusu wiki ya kazi. Zoezi hili halifurahishi, lakini linakuonyesha saa zako zimekwisha kuuzwa kwa nani kabla hata mwezi haujaanza.

Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa na marejesho ya kila siku, ndiyo ichunguzwe kwanza. Tuseme umechukua 300,000, unarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000. Riba ni 60,000, yaani saa 30 za kawaida au saa 20 za ziada, kila mwezi unaourudia. Wengi huurudia, kwa sababu siku ya 31 mfuko ni mtupu. Na kwa kuwa marejesho ni ya kila siku, siku ya kupumzika nayo unadaiwa 12,000. Ndiyo maana mtu anashindwa kulala Jumapili. Njia ya kutoka ni kuhamisha deni kwenda mahali pa marejesho ya wiki au mwezi: kikoba chenu, au saccos ya kazini kama ipo. Kama zamu yako ya mchezo iko karibu, omba wenzako wakubadilishie upokee mapema na ufunge lile deni lote kwa mkupuo mmoja. Usilipunguze nusu. Nusu iliyobaki inakuita tena.

Ukishamaliza, utajua kiasi cha chini unachohitaji kwa mwezi. Bila namba hiyo, kila saa ya ziada utaiona ni ya lazima.

Hatua ya 4: Uliyejiajiri, pima saa mbili mbili

Sheria ya juu haikugusi. Bosi ni wewe, na ni bosi mbaya.

Kwa wakala wa fedha: gawa siku katika vipande vya saa mbili, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 5 usiku. Kwa siku 14 ambamo mwisho wa mwezi umo, andika kila kipande miamala mingapi na kamisheni kiasi gani. Karibu na soko kama Kabwe au Mlandege utaona vipande vinatofautiana mno: asubuhi ya wenye mizigo, jioni ya wanaorudi makwao, na mashimo makubwa katikati. Kisha chukua kipande cha mwisho na ukitoze gharama zake chenyewe. Tuseme saa 3 mpaka saa 5 usiku unapata wastani wa kamisheni ya 1,800. Ungefunga saa 3 ungepanda daladala kwa 700. Ukifunga saa 5 unapanda bodaboda kwa 2,500. Tofauti ni 1,800. Umekaa saa mbili kwenye baridi kwa sifuri, na hapo bado hatujahesabu chipsi ulizokula kwa kukosa muda wa kupika, wala siku ile utakapotuma floti namba isiyo ya mteja kwa usingizi.

Ikiwa kipande kinalipa, kiache. Wakala wa Tunduma mwenye foleni ya madereva wa malori usiku anaweza kukuta mashimo yake yako mchana. Huyo afunge saa 7 mpaka 9 alasiri akalale. Kosa kubwa ni kufunga kwa hisia. Mtu huchoka jioni, hufunga jioni, kumbe kipande cha jioni ndicho kilichokuwa kinabeba siku nzima.

Ukiamua kufunga, bandika saa zako ukutani kwa maandishi makubwa, elewana na jirani ampokee mteja wako wa usiku nawe umpokee wake wa alfajiri, halafu jaribu wiki mbili na ulinganishe jumla. Mteja akikukuta umefunga bila taarifa mara mbili, ya tatu haji. Akijua unafunga saa 3, anakuja saa 2 na nusu.

Kwa bajaji na bodaboda swali ni moja: hesabu ya tajiri (pesa unayompelekea mwenye chombo) na mafuta vinakamilika saa ngapi? Hapo ndipo siku yako mwenyewe inaanzia. Iandike kila siku. Kama hesabu hukamilika saa 9 alasiri Ijumaa lakini Jumanne inakamilika saa 2 usiku, mwombe tajiri hesabu ya wiki badala ya ya siku. Ijumaa itaifidia Jumanne, na hutalazimika kukimbiza siku mbovu mpaka usiku wa manane. Kwa wenye mkataba wa kulipa mpaka chombo kiwe chako, ombeni siku ya mapumziko kabla ya kusaini. Mfano, 20,000 kwa siku mpaka ifike 7,300,000 ni siku 365, kama wiki 52. Ukilipa siku 6 kwa wiki inafika wiki 61. Wiki tisa zaidi, na ndani yake una siku 60 na ushee za kulala, kufanya sevisi na kuoga mchana. Bei hiyo inalipika, maana chombo kisichopumzika hakifanyiwi sevisi, na kinakulaza gereji siku ambazo hukuzipanga.

Jambo moja la usalama kwa wote wanaoshika usukani. Kukaa macho saa 17 mfululizo hupunguza wepesi wa mtu kuitikia kama aliye na kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Uliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku uko hapo. Kopo la enaji huahirisha usingizi, uchovu wenyewe unabaki palepale, na ukiisha nguvu mteremkoni Kitonga hakuna pa kuegesha.

Hatua ya 5: Kuongea na bosi

Omba muda kwanza, kwa ujumbe mfupi wenye namba ndani yake:

"Shikamoo bosi. Nimeandika saa zangu za wiki mbili zilizopita, zimefika 144. Naomba dakika kumi Jumatano asubuhi kabla hatujafungua, nikuonyeshe, na nina pendekezo la zamu."

Jumatano, kwa sababu Jumatatu ana mzigo wa kupokea na Ijumaa anawaza mauzo. Asubuhi, kwa sababu jioni wote mmechoka na sauti hupanda. Usiseme mbele ya wateja, wala wiki ya kuhesabu mali. Na usiende na sentensi ya "bosi kazi nyingi" peke yake. Atakujibu "hata mimi", na hapo mazungumzo yamekwisha.

Nenda na karatasi moja. Upande wa kwanza saa, upande wa pili pendekezo. Kwa duka la wauzaji wawili, zamu hii hufanya kazi: mmoja anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, mwingine anaingia saa 4 na kutoka saa 2 usiku. Kila mmoja yupo saa 10, anakula saa moja, anafanya 9. Kuanzia saa 4 mpaka saa 11 wote wawili wapo, na kwa kawaida ndiyo saa za wateja wengi. Wiki inayofuata wanabadilishana, na anayetoka saa 2 usiku Jumamosi ana Jumapili yote mbele. Siku sita ni saa 54, ziada 9 kwa wiki, 36 kwa wiki nne: ndani ya 50. Kwa mshahara wa mfano wetu, ziada hiyo ni 108,000 kwa wiki nne. Duka halikufungwa hata dakika moja mapema, na hakuna aliyeajiriwa mpya.

Bosi atasema sasa hivi analipa sifuri. Hapo, kwa upole, mwonyeshe upande wa kwanza wa karatasi: hesabu ya sheria kwa saa za ziada za sasa ni 324,000 kwa kila mmoja kwa wiki nne. Mwachie karatasi. Usidai jibu palepale, na neno "sheria" lisiwe la kwanza kutoka kinywani. Likitangulia, atampigia mwanasheria au atakupigia mahesabu ya kukuondoa.

Jioni ile ile mtumie: "Asante kwa muda wako bosi. Nilivyoelewa, tumekubaliana tuanze zamu mpya tarehe fulani, tujaribu wiki nne." Makubaliano ya mdomo husahaulika mzigo mkubwa unapoingia.

Tahadhari: sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu amedai haki yake, lakini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii mwenye chini ya miezi 6 kazini. Kama una miezi mitatu, endelea na daftari, mazungumzo yaanze kwa zamu tu, na hesabu ya pesa ikae kwanza.

Hatua ya 6: Simu

Weka laini ya kazi na ya nyumbani tofauti, na laini ya kazi uizime kwenye mipangilio ya simu ukifika mlangoni. Kama laini ni moja, nyamazisha grupu la kazi, weka hali ya "Usinisumbue" kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri, na uruhusu namba nne au tano zipenye: mama, mwenza, mwenye nyumba, bosi. Ndiyo, bosi naye. Mwambie mapema: "Usiku nikihitajika nipigie, ujumbe nausoma asubuhi." Watu huandika ujumbe saa 5 usiku kwa sababu hauwagharimu kitu, kupiga kunawafanya wajiulize kwanza kama ni dharura. Walimu wafanye hivyo kwa magrupu ya wazazi, ambayo hayana usiku wala Jumapili.

Hatua ya 7: Usingizi, hasa wa zamu na wa baridi

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Anayetoka zamu ya usiku kiwandani asubuhi alale mapema awezavyo. Ukianza kufua na kwenda sokoni, saa 5 asubuhi mwili umeshaamka na kilichobaki ni kugaagaa. Dirishani weka kitu kizito: blanketi la zamani au khanga mbili zilizoshonwa pamoja, zipite pembe za fremu, maana mwanga huingilia pembeni. Chai ya rangi, kahawa na enaji viishe saa 6 kabla ya muda wa kulala. Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Kama mnapanga ratiba wenyewe, zamu ziende mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku. Mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi.

Na hili lisomwe polepole. Juni mpaka Agosti, Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya, mtu hurudi saa 4 usiku mikono imekufa ganzi, anawasha jiko la mkaa, anachemsha maji, kisha analiingiza chumbani lipashe joto na kufunga mlango. Akiwa mchovu halitoi tena. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Mkaa uliokolea na usiotoa moshi nao huitoa, kwa hiyo kutoona moshi si usalama. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyechoka hudhani ni uchovu. Jiko libaki nje, hata makaa yakiwa majivu mekundu kidogo. Joto la kitandani lipate kwa mfuko wa mpira wa maji ya moto, au chupa ngumu iliyojazwa maji yaliyopoa kidogo (ya kuchemka huilainisha plastiki na kukuunguza), ikafungwa kwenye fulana na kuwekwa miguuni dakika 15 kabla hujaingia.

Hatua ya 8: Likizo na jembe

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na mwajiri ndiye anayepanga lini, mradi isichelewe zaidi ya miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kwisha. Hapa kwetu likizo nyingi huombwa mvua zinapoanza Novemba, mtu akalime Rungwe au apande viazi Njombe. Hakuna ubaya, ila usiiandike kuwa mapumziko: siku 28 za jembe zinamrudisha mtu kazini na mgongo mpya wa kuuguza. Omba igawanywe, siku 20 za shamba na 8 za kukaa. Na kama wikendi zote za masika uko shambani, ziingize kwenye daftari la hatua ya 1 kama kazi, kwa sababu mwili hauulizi anayelipa ni nani. Kibarua wa kupalilia siku mbili mlinganishe na bei ya saa yako. Mara nyingi ni nafuu kumlipa.

Hatua ya 9: Ikikwama

Anza na chama cha wafanyakazi kama kipo kazini kwenu. Kisha Afisa Kazi wa mkoa, ambaye ana mamlaka ya kukagua sehemu ya kazi. Mgogoro wa madai hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayofahamika kwa kifupi CMA. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala kwanza, unahakikisha amesaini kuipokea, ndipo unaiwasilisha pamoja na uthibitisho huo. Kesi nyingi hukwama hapo: fomu imejazwa vizuri, hakuna saini ya mpokeaji. Akikataa kusaini, itume kwa rejesta ya posta na utunze risiti.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30, kwa madai mengine kama malipo ya saa za ziada ni siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze kwa nini. Anayejiambia "nitadai yote siku nikiondoka" kwa miaka mitatu hujikuta anabishania tarehe badala ya pesa.

Beba daftari lenyewe, karatasi za mshahara, barua ya ajira, ujumbe mlioandikiana na bosi ukiwa umechapwa, na picha za ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Ratiba hiyo ipige picha leo, ukiwa bado una amani na kila mtu, tarehe ionekane. Ikishakuwa kesi, huwa inabanduliwa.